Ndege ya Ilunga Iliyokataa Kuwaka

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo, na baada ya shikamoo nataka kwanza habari za goti la Mama. Ile dawa ya kupaka inamsaidia, au ameifungia kabatini anasubiri wageni waione? Na kifua chako je? Na watoto? Mimi namshukuru Mungu, mwili hauna neno, ila baridi ya huku mwaka huu haina adabu. Asubuhi majani yanaganda, ukiyakanyaga yanavunjika kama bisi. Naandika nimevaa soksi mbili mbili na blanketi mabegani, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usinicheke.

Uliniambia kwenye simu kwamba umechoka na "niko poa" zangu. Ukasema, "Wewe kila ukibanwa, mtandao unakata. Niandikie, karatasi haikati mtandao." Haya, nimeshika kalamu. Barua ataileta yule mfanyabiashara wa Ngamiani anayekuja huku kununua vipuri. Msomee Mama polepole, karibu na lile sikio lake zima, na mahali nitakapokuambia ruka, tafadhali ruka.

Kwanza ujue sikai tena Berea, kule katikati ya Johannesburg. Kule tulikuwa tunabanana fleti moja, watu wa Tanga, Waunguja na Wakongo, chooni kwa foleni, lakini hukosi mtu wa kubishana naye habari za mpira. Tatizo ni kazi. Hanga, lile banda la ndege ninakofanyia ufundi, liko kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje kabisa ya jiji, nami nilikuwa nashinda kwenye teksi kama utingo. Nikahamia chumba cha uani kwa bibi mmoja wa Kisotho, jirani na kiwanja. Bibi ni mwema, akipika ananigongea mlango, lakini Kiingereza chake na changu vikikutana vinaishia kwenye hali ya hewa. Nikitoka kazini nafunga mlango, napika, nakula. Siku nyingine najikuta naisemesha sufuria: "Haya mama, chemka basi, tumechelewa." Ukiona mtu mzima anayabembeleza maharage, ujue amefika. Mimi mpweke, Dada. Basi, nimelisema.

Sasa nikueleze habari za Kapteni Ilunga, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Ilunga ni rubani wa Lubumbashi, mtu wa makamo, anamrushia tajiri mmoja wa kwao ndege ndogo ya injini moja na viti vinne. Anapeleka dawa na wafanyabiashara kwenye miji ambayo mvua ikinyesha barabara inakuwa hadithi. Alikuja nayo kwetu ifanyiwe ule ukaguzi mkubwa wa kila mwaka, ambao tunaifungua ndege yote mpaka unaona mifupa. Nilikuwa chini ya bawa siku aliyofika, nikamsikia anaongea na simu: "Mama, nimefika muzuri, ndeke haikusumbua hata kidogo." Dada, nilitoka chini ya lile bawa nikajigonga kichwa. Nilimwambia hapo hapo, "Kapteni, mimi nina chumba na godoro la ziada. Ukilala kwingine utaniudhi."

Akaja. Yule mtu ni nadhifu mpaka anachosha. Anapiga pasi ovaroli! Viatu vinang'aa kiasi kwamba Oom alimuuliza kama ana misa hangani. Oom ndiye bosi wetu, mzungu mzee wa hapa hapa, mwenye leseni ya kuisainia ndege irudi angani. Jina hilo kwa lugha yao ni mjomba, basi wote tunamwita hivyo. Na mezani ndiyo usiseme. Ilunga akapika sombe kwa mafuta ya mawese, mimi nikasema kisamvu bila nazi ni majani ya mbuzi, yeye akasema nazi ni ya kupaka kichwani. Ugali anauita bukari. Siku ya tatu nikamtania, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akachukua ufagio akafagia chumba chote, hadi chini ya kitanda, akanitolea soksi ambazo nilishazifanyia matanga. Tulicheka mpaka Bibi akagonga ukuta.

Ila alikuwa na jambo zito. Binti yake wa kwanza, Clarisse, alikuwa anaolewa. Kwao siku ukoo wa mume unapoleta mahari, baba wa binti ndiye anayekaa kitini na kuulizwa mbele ya watu kama amekubali. Baba akikosekana, shughuli inasimama, na wakwe wanaweza kuona wamedharauliwa wakaondoka na vitu vyao. Siku ilikuwa imeshapangwa. Na tajiri wake alishamwambia, "Ndege ukiiacha huko, kazi nayo umeiacha huko." Kwa hiyo ilikuwa lazima irudi, naye akiwa ndani yake, kabla ya siku hiyo. Kila jioni simu ilikuwa inalia, Clarisse yule: "Papa, utakuya siku gani?" Akikata yeye, anapiga mkewe. Halafu kaka yake. Mara moja alipiga hata jirani. Wote swali hilo hilo, naye anawajibu akitabasamu, "Karibu, karibu, ndeke inavalishwa tu nguo."

Ukaguzi wenyewe ulikwenda vizuri. Ijumaa moja nilikuwa nimefungua waya mmoja mnene bapa, uliosukwa kama ukili, unaounganisha injini na mwili wa ndege. Injini ya ndege imekalia mipira ili isitetemeshe watu, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo ule waya ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mafundi wa kwetu wanauita waya wa athi. Niliufungua niusafishe, nikauweka kando, nikaenda mjini kuswali. Kurudi, namkuta Ilunga kasimama mbele ya injini na brashi mkononi, tai kairushia begani. Alikuwa amepaka rangi ya kijivu mabomba yote yanayoshika injini, na boliti, na washa zake, vile visahani vya chini ya boliti, na kila kitu ambacho hakikumkimbia.

"Bakari," akaniambia, "mi siwezi kurudisha ndeke kwetu na tumbo chafu. Batu batasema nini?"

Sasa mtu mwingine yeyote angemkaripia. Lakini mimi nimezaliwa Tanga, Dada, unajua bahari ilivyotuonea. Mageti yanaliwa na kutu, bati zinaliwa, hata kitasa cha mlango wa Mama tumebadilisha mara ngapi? Mimi nikiona chuma kimepakwa rangi, roho yangu inatulia. Nilimpigia makofi! Nikamwambia rangi ndiyo koti la chuma. Ilipokauka nikauchukua ule waya wangu safi, nikaufunga juu ya ile rangi nzuri, nikakaza mpaka spana ikalia. Huku juu hakuna bahari wala harufu yake, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, kutu itoke wapi? Mkongo na unadhifu wake, mtu wa pwani na woga wake wa chumvi. Tulikutana wawili tuliofaana.

Asubuhi ya kuijaribu, Ilunga akaingia ndani, akapaza sauti watu watoke mbele ya panga, lile linalozungushwa na injini, akageuza ufunguo. Tak. Basi. Panga likatikisika kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, likatulia. Akageuza tena. Tak.

Wote tukailaumu baridi, maana baridi huua betri. Tukaitoa betri, tukaichaji, tukaipima, nzima. Tukaweka nyingine mpya kabisa. Tak. Tukahamia ile swichi kubwa inayopokea amri ya ufunguo na kuupeleka umeme kwenye stata. Tukaibadilisha. Tak. Oom akaniuliza, "Na waya wa athi?" Nikamjibu kwa kifua mbele, "Nimeufunga mwenyewe, Oom, unang'aa." Oom ananiamini, akaacha kuuliza. Ikabaki stata yenyewe, ile mota inayozungusha injini. Tukaifungua, tukaipeleka kwa fundi wake mjini, na kule kuna foleni kuliko ya Home Affairs, ofisi ya vibali. Tukangoja. Ilipotoka fundi akasema hana cha kutengeneza, iko sawa kabisa. Tukairudisha. Tak. Eish, kama wanavyosema wenyewe huku.

Siku zikawa zinamkimbia Ilunga. Aliacha kupiga pasi, hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Simu ikilia anaitazama kwanza. Usiku mmoja alikaa kitandani akasema, "Ule mutoto nilimubeba mi mwenyewe siku alizaliwa. Nikikosa kile kiti, ndugu, nitamwangalia na macho gani?"

Hapa ruka, usimsomee Mama. Nilimhurumia, Wallahi nilimhurumia. Lakini kila ufunguo ulipogeuka na kusema tak, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichofurahi. Nilikuwa najua tukitoka pale tutakwenda kununua unga, tutabishana habari za nazi, atanisimulia mawingu ya kwao, na asubuhi nitaamka nikisikia mtu mwingine anakohoa chumbani. Sikuificha dawa ya ugonjwa ule, naapa, sikuijua. Nilifanya kazi kama punda. Ila moyo wangu ulikuwa unaomba isiwake, leo tu isiwake, kesho iwake. Na kesho nikaomba vile vile.

Endelea kumsomea hapa. Jumanne iliyopita Ilunga alishikwa na hasira. Akaingia ndani, akaugeuza ufunguo akaushikilia, hataki kuuachia. Oom akapiga kelele atauunguza ule mtambo. Ilunga akauachia, akaweka mkono kwenye kile kitasa kirefu cha mafuta, cha kuongeza mwendo, mara akaurudisha mkono haraka. "Hii kitu iko moto!"

Nilidhani anatania. Nikapanda, nikashika. Kweli, moto. Sasa kitasa kile ni cha kuvuta na kusukuma tu, hakina umeme wala hakina kazi na umeme. Nikamtazama Oom. Oom akavua miwani.

"Kamba ya kitasa hicho ni chuma," akasema, "na imefungwa kwenye injini. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, umepita hapo. Kamba nyembamba imebebeshwa mzigo wa waya mnene, lazima ichemke. Bakari, leta mita."

Akanielekeza niweke ncha moja kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Ilunga ageuze ufunguo. Njia ya kurudi ikiwa nzuri, mita haitakiwi hata kushtuka. Dada, iliruka juu kama imechomwa na sindano. Betri ilikuwa nzima, swichi nzima, stata nzima. Umeme ulikuwa unakwenda vizuri, unafika, kisha hauna pa kurudia.

Nilikuwa nimeshajua kabla sijafungua boliti. Niliuondoa waya, na chini yake ile rangi ya kijivu imelala, laini, safi, inapendeza. Kikulacho ki nguoni mwako. Oom akaitazama rangi, akanitazama mimi, akamtazama Ilunga.

"Nani alipaka?"

"Mi," akasema Ilunga.

"Na nani alifunga juu yake?"

"Mimi, Oom. Nilimsifu pia."

Oom akasema neno la kwao ambalo sitaliandika kwenye barua ya Mama. Halafu akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akakohoa. Ilunga hakucheka. Alichukua msasa mwenyewe akakwangua, mimi nakwangua upande wa pili, tukakwangua mpaka chuma kikatoka cheupe, na boliti, na washa. Tukafunga waya, chuma kwa chuma. Boliti ya mwisho niliikaza polepole, nikasingizia baridi.

Ilunga akapanda. "Toka mbele!" Akageuza. Panga halikusita hata kidogo, lilizunguka mara moja na injini ikaunguruma, vumbi likatupiga usoni, makaratasi ya Oom yakaruka uwanja mzima. Ilunga akaiacha iungurume kidogo, akaizima, akateremka bila kugusa ngazi. Akanikumbatia, ananinyanyua, machozi yanamtoka, "Clarisse yangu! Clarisse yangu!" Na mimi nikalia. Nililia vibaya, Dada, kama siku tuliyomzika Baba. Ilunga akawa ananipigapiga mgongoni, "Eeh ndugu yangu, weye iko na roho ya muzuri." Alidhani tunalia kilio kimoja.

Aliondoka kesho yake asubuhi, baada ya Oom kutia saini. Alikuwa amepiga pasi. Chumbani alitandika godoro vizuri, akaniachia chupa yake ya mafuta ya mawese iliyobaki nusu, akasema nijifunze kula. Pale uwanjani, wakati nazitoa zile mbao za kuzuia magurudumu, akainama dirishani akaniuliza, jinsi unavyomuuliza mtu jina lake, "Na weye, kwenu banakungoja siku gani?"

Nikampungia mkono kama vile sikumsikia kwa ajili ya injini, naye akaenda. Nilisimama pale mpaka ikawa nukta, na baada ya nukta nikaendelea kusimama, mpaka Oom akaniita tunywe chai.

Jana alinipigia kutoka kwenye shughuli. Alikalia kile kiti. Akaiweka simu kwenye sauti kubwa akawatangazia watu, "Huyu ndiye Bakari wa Johannesburg, ndiye alinirudisha," na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye kaunta ya spaza, kiduka cha mtaani, nangoja mkate. Muuza duka akaniuliza kwa Kiingereza kama nimefiwa, nikamwambia hapana, ni harusi. Akanitazama, akanipa mkate.

Nimemaliza habari. Msalimie Mama, mwambie mkono wake naubusu. Msalimie Shemeji, mumeo, na umwambie mita yangu ya zamani asiiazime watu. Wasalimie wanao, hasa yule mkubwa anayenichora kila mara nikiwa na mabawa. Msalimie Mjomba muuza samaki, Shangazi wa Pangani, na Somo yako jirani. Bibi mwenye nyumba wangu naye anawasalimu. Nilimwambia naandikia nyumbani.

Jambo moja la mwisho, Dada. Tangu Ilunga aondoke nimekuwa nikikumbuka simu zenu. Mnaniuliza kama nimekula. Mnaniuliza kama ni baridi, kama ninaswali, kama nimepata kanzu mliyotuma. Miaka mingi sasa hakuna aliyeniuliza narudi lini. Najua mnanionea huruma. Mnajua kibali changu cha kukaa huku hakijatoka, mnajua nikitoka bila karatasi nimetoka moja kwa moja, sitaruhusiwa kuingia tena, hamtaki kunitia uchungu. Zamani Mama alikuwa akiuliza kila Ijumaa, nami nilikuwa namkatia simu kwa hasira, mpaka akaacha.

Acheni huruma hiyo. Niulizeni. Mama aulize, watoto waulize, hata Mjomba akishika simu aulize. Jibu sina, nitababaika, pengine nitasema mtandao unakata. Niulizeni hivyo hivyo.

Mdogo wako anayekupenda,
Bakari